Je, Pangani ilikufa kwa laana ya boma?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ila nimekulia Dar es Salaam. Juzi nilikwenda nyumbani kwenye arobaini ya babu, nikakaa barazani na wazee. Mmoja alisema mji wetu umejengwa na Mjerumani, kabla yake palikuwa pori. Wa pili akasema mji ulikufa kwa laana ya watumwa waliozikwa hai chini ya nguzo za boma. Binamu yangu aliyeko chuoni akacheka, akasema mji wenyewe ni makao makuu ya wilaya kwa jina tu. Nina likizo ya wiki tatu na nataka kuandika kijitabu cha historia ya mji kwa ajili ya watoto wetu. Ukweli ni upi, na nianze wapi, kwa wazee au kwenye nyaraka? Jambo jingine: upande wa bibi mzaa baba ukoo hatuujui. Nikiuliza, watu wananyamaza. Niendelee kuuliza? Tunasikia pia alikuwa na shamba la minazi ng'ambo, Bweni."

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa babu. Umefunga mambo mengi kwenye furushi moja, na zito kuliko yote umelitia mwishoni, kama watu wanavyofanya mara nyingi. Hilo la bibi nitalifikia. Siwezi kuanza nalo kwa sababu halieleweki mpaka kwanza tujue Pangani ulikuwa mji wa namna gani.

Mjerumani hakuijenga Pangani. Aliikuta, akaitaka, ikamkataa, akarudi na mizinga. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipopita mapema mwaka 1857, wakienda Fuga kwa Kimweri, mfalme wa Usambara, walikuta mji wenye nyumba chache za mawe katikati ya nyumba nyingi za makuti, na watu wa Sultani wa Zanzibar wakitoza ushuru. Na hao nao walikuja nyuma sana. Ukitoka Pangani kwenda Tanga, shuka Tongoni uone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15. Mwambao huu ulikuwa na miji wakati Berlin yenyewe bado ni mji mdogo tu.

Kilichoipa Pangani uhai ni mdomo wa mto. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Kilimanjaro na Umasaini mabegani mwa wapagazi, nguo, shanga na nyaya zikapanda. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na kila msafara ulihitaji mahali pa kulala, kula, kukopa, kugombana na kupatana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mji. Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kandokando ya mto yakaenea mashamba ya miwa. Wenyewe wengi walikuwa Waarabu, na waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa. Shika neno hilo, tutalirudia.

Sasa mwaka 1888. Tarehe 28 Aprili Sultani Khalifa aliipa kampuni ya Kijerumani haki ya kuendesha mambo ya pwani kwa jina lake. Mwezi Agosti, siku za Idi ya kuchinja, ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, akaja Pangani akitaka bendera ya kampuni ipande na liwali, Abdulgawi bin Abdallah, awe chini yake. Liwali alikataa. Askari wa manowari ya Kijerumani wakashuka kumtafuta, na habari iliyoenea mjini, ambayo hata leo ukikaa barazani utaisikia, ni kwamba waliingia msikitini na viatu na mbwa. Haikupita muda Zelewski na wenzake walikuwa wamefungiwa ndani ya nyumba yao na wenyeji, mpaka Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alipokuja kuwaondoa. Ndipo jina la Abushiri bin Salim likapanda, kama kiongozi wa mapambano. Wavumbuzi wawili wa Kizungu, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikamatwa na watu wake huko huko na hawakuachiwa mpaka fidia ilipolipwa. Meyer ndiye yule aliyekuja kufika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889. Watu wachache wanaosoma habari zake wanajua kwamba mwaka mmoja kabla alikuwa mfungwa wa Pangani.

Naomba kijitabu chako kisimgeuze Abushiri kuwa malaika, wala kisimwache katika sura waliyomchorea adui zake. Mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na hakuelewana na Sultani tangu zamani. Wajerumani waliyaita mapambano yale "maasi ya Waarabu" na kuyafunga na biashara ya utumwa, maana kwa lugha hiyo ilikuwa rahisi bunge lao kutoa fedha, nalo likatoa marki milioni 2 mwezi Januari 1889. Lakini waliotoka na silaha walikuwa wa kila namna: watu wa mji, Wazigua, wapagazi, hata watu waliokuwa na kisa chao na hao hao wenye mashamba. Wissmann, ofisa aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alikuja na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji, akaipiga Pangani kwa mizinga mwaka 1889, na Abushiri akanyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Zelewski hakuishi sana baada yake. Wahehe wa Mkwawa walimmaliza Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.

Kwa hiyo mzee wa kwanza, ukimpokea vizuri, hajasema uongo mtupu. Mjerumani aliifanya Pangani makao ya wilaya, akakaa ndani ya mji uliokwishajengwa. Boma lenyewe huhesabiwa kuwa jengo la mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba ya mtu, muda mrefu kabla Mjerumani hajatia nanga. Milango yake ya nakshi inatosha kukuambia ni ya watu gani. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa akikuta bendera na karani ndani yake, boma ni la aliyekalia kiti. Ukimwuliza mzee "nani alijenga?" mara nyingi atakujibu "nani alitawala".

Tuje kwenye laana. Nyumba za mawe za pwani husimama kwa matumbawe, chokaa iliyochomwa na kulowekwa muda mrefu, na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, boriti haifiki mbali. Nguzo haihitaji damu ya mtu ili isimame, na lipu ikibanduka na maji ya mvua yakaingia ukutani, damu haitaizuia kuanguka. Simulizi la watu kuzikwa hai chini ya jengo nimelisikia Pangani na nimelisikia kwingine pwani kuhusu majumba mengine, karibu kwa maneno yale yale. Sijaona ushahidi wake. Lakini usiandike kwamba ni upuuzi! Simulizi hilo limebeba jambo ambalo mji haukuweza kulisema waziwazi, kwamba majumba haya mazuri yamesimama juu ya kazi ya watu waliouzwa. Liandike kama simulizi, useme nani anasimulia, halafu eleza mashamba ya miwa.

Kilichoifanya Pangani kufifia kinaweza kuonekana kwa macho maji yakipwa. Pale mdomoni pana fungu la mchanga. Jahazi na mashua, ambazo hazizami sana, zilipita bila shida wakati wa maji kujaa. Meli za moshi hazikuweza. Tanga wana ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Na ukiupanda mto, haukupeleki mbali. Mbele kuna maporomoko. Kwa hiyo Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzia Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, yaani ilifuata bonde lile lile lililokuwa likilisha misafara ya Pangani, na mzigo ukapelekwa bandari nyingine. Hebu fikiria mpagazi wa frasila mbili akishindana na behewa. Mji haukuchomwa wala haukukimbiwa. Wapitaji tu ndio walihama, na mji uliokuwa ukiishi kwa wapitaji ukabaki na wenyeji wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na binamu yako. Anasema makao makuu kwa jina tu. Mimi nasema hilo jina ndilo lililouokoa mji. Angalia miji mingine ya pwani iliyopoteza misafara na haikupewa boma: mingi leo ni kijiji na kisima. Mahali penye makao ya wilaya pana mahakama, hospitali, jela au angalau mahabusu, shule, hazina na posta. Kila mmoja wa watumishi hao anapokea mshahara mwisho wa mwezi, anapanga chumba, ananunua samaki. Mtu wa Mkwaja au Mkalamo mwenye kesi lazima aje mjini. Akija atalala kwa jamaa, atakula kwa mama ntilie, atanunua sabuni. Zamani msafara ulileta watu, baadaye karatasi ndiyo ikawaleta. Ni maisha madogo, nakubali, lakini yana mwendo wake: basi la alfajiri la Tanga, foleni kwenye ngazi za boma, kivuko kinachokwenda na kurudi Bweni, adhana, kahawa chungu na kashata jioni. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kufika nilikosa kivuko cha mwisho nikalala ng'ambo kwa mtu nisiyemjua, na nusu ya ninayoyajua kuhusu mji ule nilianza kuyasikia usiku huo.

Na kulikuwa na mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wenu. Kutokana na hiyo ukaanza mkonge wa nchi nzima. Mashamba yalihitaji mikono, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokwenda kuchota watu mbali: Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, Warundi. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Wengi hawakurudi kwao. Ndio maana wilaya ndogo kama hiyo, ambayo sensa ya 2012 iliihesabu kuwa na watu 54,025, ina makabila ambayo huwezi kuyatarajia mdomoni mwa mto wa Uzigua. Nailoni ikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mengi baadaye yakarudi kuwa vichaka. Anguko hili la pili ndilo wazee wako wamelishuhudia kwa macho yao. Nashuku mzee akisema "mji ulikufa", anasema habari za mkonge, na anaipa sababu ya kale kwa sababu ya kale ina heshima zaidi.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwa bibi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na halmashauri zikarudi kwa sheria ya 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Katikati hapo mafaili ya wilaya nyingi yalihamahama, mengine yakaishia stoo. Nimewahi kufunguliwa kabati katika wilaya moja, si yenu, nikakuta mchwa wamekula miaka kumi na minne na kuacha majalada tu yamesimama. Kwa hiyo usishangae ukikuta pengo, na usilizibe kwa kukisia.

Sasa bibi. Mnanyamaziana juu ya nini? Siwezi kujua kutoka huku, lakini naweza kukueleza namna ukimya huo unavyotengenezwa. Watu wengi hudhani Mjerumani alikomesha utumwa. Hakuukomesha. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa iliendelea kisheria Tanganyika nzima mpaka Waingereza walipoifuta mwaka 1922. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa mwaka 1915 angeweza kuzaliwa na mama mtumwa, na mtu huyo anaweza kuwa mama wa bibi yako. Katika mji ambao maneno muungwana (mtu huru), mzalia (mtumwa aliyezaliwa pwani) na suria (mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake) yalipanga nani akae wapi kwenye shughuli na nani amwoe nani, familia ilijifunza kutaja upande unaopandisha heshima na kuuacha mwingine. Mtoto wa suria alihesabiwa huru na akabeba nasaba ya baba; ukoo wa mama haukuwa na mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo ukimya si lazima uwe uongo. Mara nyingi ulikuwa zawadi ya wazazi kwa watoto wao.

Lakini usiamue kabla ya kuuliza. Ukimya wa namna hiyo hiyo hutokana na bibi kuwa mtoto wa manamba, au kuachwa, au kugombea urithi, au kubadili dini. Nimeona watu wakijivika utumwa ambao haukuwapo kwa sababu tu hawakusikia jina la kijiji.

Niendelee kuuliza? unasema. Ndiyo, ila si barazani. Barazani mtu husema linalofaa kusikiwa na jirani. Mtafute mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki, huenda ni shangazi au somo wa bibi, umkute peke yake, ukiwa na muda na si na simu mkononi. Usimwulize "kabila lake nini". Mwulize bibi alipika nini siku za shughuli, aliimba nini akimbembeleza mtoto, alicheza ngoma gani, nani alikuja kumzika na nani hakuja, amezikwa upande gani wa makaburi. Majibu ya maswali haya hayamwaibishi mtu, nayo yanaonyesha njia. Kwa miaka nako usimsumbue kwa tarehe, mpe matukio. Je, ilikuwa kabla ya Uhuru? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Miti ya Maziwe, kile kisiwa kidogo cha baharini karibu na Pangani, ilikuwa bado ipo? Akikuambia "mwanangu, hapo basi," hapo ni basi. Unaweza kurudi kesho na sukari, lakini usirudi na swali lile lile. Na chochote utakachokipata juu ya asili ya mtu, usikichape kabla familia zote zinazoguswa hazijakubali, kwa sababu kijitabu chako kitasomwa na watu wanaoposana.

Wiki tatu hazitoshi kwa kila kitu, kwa hiyo chagua. Ningekuwa mimi, wiki mbili za kwanza ningezimalizia Pangani na Bweni, na ya mwisho Dar es Salaam. Nyaraka zitakungoja, wazee hawana uhakika huo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, ina majalada ya wakati wa Mjerumani na vitabu vya wilaya walivyoviandika maofisa wa Kiingereza. Nenda na barua ya utambulisho, na uliza utaratibu wa kibali mapema. Visome vitabu hivyo ukijua kwamba ofisa aliandika alichoambiwa na liwali na karani wake, watu ambao nao walikuwa na koo zao za kupandisha. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na ukipata nauli ya boti, nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani zina barua za enzi ya masultani. Upande wa wenyeji usiusahau utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani. Ulitungwa na mtu aliyeishi zama hizo, kwa Kiswahili, na una hasira ambayo hutaikuta kwenye ripoti ya ofisa yeyote.

Kuna mahali ambapo kijitabu na mimi tunafika mwisho wa uwezo wetu. Mkifungua sanduku mkakuta karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, msizikunje wala kuzifunika kwa plastiki ya kubandika (lamination). Zipigeni picha mchana, kisha mtafuteni shehe au mhadhiri anayesoma hati za zamani azisome mkiwa naye. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani pia unahitaji mtu aliyefundishwa, hata Mjerumani wa leo unamshinda. Ukiambiwa kuna kaburi au ukuta wa kale shambani, usichimbe. Toa taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale.

Na shamba la minazi la Bweni, hilo si historia tena. Lipo, au lilikuwepo, na kuna mtu analilima leo. Barabara ya lami na daraja la mto vikija, ardhi ya ng'ambo inapanda bei, na ghafla kila ukoo unakumbuka minazi yake. Usiende na daftari la utafiti ukitafuta mipaka, maana hakuna mzee atakayekuamini tena kwa jambo jingine. Mkae kwanza kama familia, muulize serikali ya kijiji, na ikiwa kweli kuna dai, muoneni mwanasheria au msaada wa kisheria kabla ya kufika baraza la ardhi. Mtu wa kufuatilia shamba asiwe yule yule anayeandika kijitabu. Mwachie binamu yako. Amesoma, na itamlazimu kupanda ngazi za hayo makao makuu ya jina tu mara nyingi kuliko anavyodhani.